Dalali ameleta karatasi ya siku 14, na deni lenyewe nalipinga. Nianzie wapi?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nilipanga fremu ya biashara kwa mkataba wa miaka 2, kodi shilingi 800,000 kwa mwezi, nikaweka amana ya miezi 2. Nilikuwa na duka la uchapaji na fotokopi. Paa likaanza kuvuja, nikaandika barua mara 3, halikutengenezwa. Mwezi wa 15 ulipoisha nikahama. Mwenye nyumba alikataa kupokea funguo, nikamwachia mlinzi. Baada ya miezi 2 fremu ikapangishwa kwa mtu wa duka la dawa. Alhamisi iliyopita dalali wa mahakama ameniletea amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: nilipe shilingi 9,900,000 ndani ya siku 14. Kumbe kulikuwa na kesi, na hukumu ilitoka miezi 3 iliyopita, mimi sikuwahi kupata wito. Deni lenyewe ni kodi ya miezi 9 iliyobaki, "upungufu wa kodi" 1,200,000 (ile asilimia 10 niliyokuwa nakata ya TRA), na ukarabati 1,500,000. Mashine kubwa ya kuchapa ni ya dada yangu. Nifanye nini? Nimpigie mwenye nyumba tuyamalize?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Usimpigie kwanza. Nitakueleza kwa nini, lakini acha nianze na kitu ambacho watu wengi wenye karatasi kama yako hawakioni.

Barua yako yote inaeleza kwa nini hudaiwi. Paa, funguo, duka la dawa. Hoja hizo ni nzuri, nyingine nzuri mno, ila kwa sasa hakuna wa kuzisikiliza. Ulipo ni kwenye hatua ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, na hapo Mwenyekiti wa Baraza haulizi tena kama ulikuwa unadaiwa. Anauliza umelipa au hujalipa. Ukienda na picha za paa linalovuja atakwambia, kwa adabu au bila adabu, kwamba hayo yalishaamuliwa. Kazi yako ya wiki hii ni kurudisha shauri nyuma, mpaka mahali ambapo picha za paa zina mtu wa kuziangalia. Ya mwenye nyumba yatasubiri.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda masjala ya Baraza ukiwa na namba ya shauri iliyo juu ya amri hiyo. Omba kukagua jalada, lipia ada yake, na udai risiti. Usiridhike na karani akikusomea dirishani. Kaa nalo, fungua karatasi moja moja, na ukitafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni uthibitisho kwamba ulipelekewa wito. Lazima kuwe na nakala ya wito iliyosainiwa na aliyepokea, au kiapo cha mpeleka wito kinachosema alikukuta wapi, lini, na ulikataa vipi kusaini. Kama wito ulitangazwa gazetini, lazima kuwe na amri ya kuruhusu hivyo, nayo hutolewa baada ya kuelezwa kwamba ulitafutwa kwa njia ya kawaida ukakosekana. Nimewahi kukagua jalada nikakuta wito wa mteja wangu umesainiwa "kwa niaba" na mlinzi wa jengo ambalo mteja alikuwa ameshahama miezi 4 nyuma. Saini ile, kwa kalamu nyekundu, na jina la kwanza tu bila la ukoo, ndiyo iliyolirudisha shauri lile mwanzo. Wewe uliacha funguo kwa mlinzi. Unaona ninakoelekea. Linganisha tarehe ya kupokelewa wito na tarehe uliyohama. Kama wito ulipelekwa kwenye fremu uliyokwisha kuiacha, na mwenye nyumba alikuwa anajua umehama (maana mwenyewe alikataa funguo) na namba yako ya simu anayo, hiyo ndiyo hoja yako kubwa kuliko zote.

Cha pili ni cheti cha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Mabaraza ya Kata yamevuliwa mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, yamebaki na kazi ya kusuluhisha. Baraza la Wilaya halitakiwi kusikiliza shauri la haki katika ardhi kabla Kata haijathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila Kata kusuluhisha. Angalia kama mwenye nyumba alipita huko. Kama hakupita, na wewe hukuwahi kuitwa Kata, iandike pembeni. Upande wa pili unaweza kujibu kwamba madai yao ni ya fedha tu, hayagusi haki katika ardhi, kwa hiyo usiifanye nguzo pekee ya nyumba yako. Lakini isiachwe.

Omba pia nakala ya hukumu na ya tuzo. Hukumu ndiyo maelezo, tuzo ndiyo ile karatasi fupi inayotaja kiasi. Kama ni za Kiingereza, omba za Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu na mabaraza yetu, na huna sababu ya kulipia mtu akutafsirie hukumu yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye saa inayokimbia. Hukumu iliyotolewa bila wewe kuwapo ni hukumu ya upande mmoja. Mlango wake wa kwanza siyo rufaa. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45 zake, lakini huko utaulizwa kwa nini hukuanza pale pale palipotolewa hukumu. Unachotakiwa ni kuomba Baraza hilo hilo litengue hukumu yake, na muda wa kuomba ni siku 30 tangu itolewe. Zako zimepita tangu miezi 2 iliyopita. Ndiyo maana unaanza na ombi la kuongezewa muda, ndipo lifuate la kutengua. Wapo wanaoyachanganya yote katika ombi moja na mara nyingine hupita. Mimi huyatenganisha, kwa sababu pingamizi la awali, yaani kuomba ombi lako litupwe kabla halijasikilizwa, ni starehe ya mawakili wa upande wa pili na sioni haja ya kuwaandalia.

Kuongezewa muda hakutolewi kwa huruma. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba mwombaji ahesabu kila siku aliyochelewa, hata iwe moja. Vigezo vinavyotajwa kila siku ni vya shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: eleza kuchelewa kote, kusiwe kwa kupita kiasi, usionyeshe uzembe, na kama kuna jambo lingine zito, kama vile hukumu kuwa na kasoro ya kisheria, litaje. Kwako siku zinahesabika vizuri: kabla ya Alhamisi hukujua kuna kesi. Baada ya Alhamisi kila siku lazima iwe na kazi yake kwenye kiapo. Alhamisi nilipokea amri. Ijumaa nilitafuta wakili. Jumatatu nilikagua jalada, risiti hii hapa. Ukikaa wiki 2 "ukitafakari", umejichimbia shimo mwenyewe.

Kuhusu kasoro ya kisheria, shauri la Valambhia la 1992 lilishaweka msimamo kwamba uharamu unaoonekana kwenye uamuzi wenyewe ni sababu ya kutosha ya kuongeza muda, na shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts la 2003 likasema haki ya kusikilizwa ni haki ya kikatiba, siyo utaratibu tu. Mtu aliyehukumiwa bila kuitwa anasimama kwenye makutano ya mashauri hayo mawili.

Pamoja na ombi hilo peleka la kusimamisha ukaziaji wa hukumu, kwa hati ya dharura, na uombe hali ibaki ilivyo mpaka maombi yasikilizwe. Hili watu hulisahau. Ombi la kuongezewa muda peke yake halimzuii dalali. Unaweza kuwa na maombi matamu kwenye jalada na mashine zako ziko mnadani. Jiandae pia kuambiwa uweke dhamana, fedha kiasi au ahadi ya maandishi yenye mali nyuma yake. Ukitaja mapema unachoweza kuweka, Mwenyekiti anakuona mtu anayepinga deni, siyo anayelikimbia.

Na dalali mwenyewe? Karatasi uliyonayo ni amri ya kukutaka utekeleze ndani ya siku 14. Siyo hati ya kukamata mali. Hiyo hutolewa baadaye, ikiwa na muhuri, namba ya shauri na kiasi. Madalali wa mahakama wana kanuni zao za 2017, huteuliwa, hulipwa kwa viwango, na hushtakiwa kinidhamu. Akija na gari kabla ya siku kuisha, au na amri hii hii mkononi, mwombe kitambulisho chake cha uteuzi na hati ya kukamata, vipige picha, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usimrukie wala usifunge mlango kwa ndani ukapiga kelele. Akiwa na hati halali, mwache aorodheshe, soma orodha mstari kwa mstari, na pale penye mashine ya dada yako andika kwa mkono wako: "Mali hii si yangu, ni ya fulani." Kisha saini.

Mashine hiyo, sikiliza vizuri, wewe huwezi kuiokoa. Anayepinga ukamataji ni mwenye mali. Dada yako ndiye atakayefungua ombi lake, kwa kiapo chake, na atahitaji risiti ya ununuzi yenye jina lake au mkataba wa mkopo alioinunulia, na maelezo ya kwa nini ilikuwa dukani kwako: alikukodisha, mlikuwa mnagawana mapato, alikuazima. Baraza litaangalia siku ya kukamatwa nani alikuwa nayo na kwa ajili ya nani. Risiti iliyoandikwa juzi kwa wino mbichi inajulikana toka mlangoni. Na tafadhali, usihamishe vitu usiku. Kuficha mali au kuigawa baada ya amri ndiko kunakofungua mlango wa mfungwa wa madai, ambako mdaiwa anaweza kuwekwa ndani mpaka miezi 6, na akitoka deni bado linamsubiri. Mtu asiye na uwezo kwa kweli ana utetezi hapo. Mtu aliyeficha hana.

Nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za kazi za fundi, sheria inavikinga. Kama una mashine ndogo unayoishi kwayo, hoja ya zana za kazi inafaa kutolewa, ingawa duka zima la fotokopi hutaliita zana.

Sasa naweza kuzungumza na wewe juu ya deni, kwa sababu ombi la kutengua hukumu huwa na nguvu zaidi ukionyesha kwamba shauri likifunguliwa upya una la kusema. Na wewe unalo.

Anza na ile 1,200,000, ni rahisi kuliko zote. Mpangaji wa biashara anayelipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba ambaye ni mkazi wa Tanzania hutakiwa kukata asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kiasi ulichokata na kukiwasilisha kinahesabiwa kwamba umemlipa mwenye nyumba. Elfu 80 kwa miezi 15 ndiyo 1,200,000 yake kamili, na mahali pake si kwenye tuzo, ni kwenye ritani ya kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Lakini yote yanategemea neno "kukiwasilisha". Kama una hati za kodi ya zuio (ndiyo hiyo asilimia 10) na risiti za malipo za miezi yote 15, dai hilo limekufa. Kama ulikata ukaziweka mfukoni, basi mwenye nyumba ana haki ya kulalamika na TRA nayo inakudai wewe. Kabla hujaandika lolote kwenye kiapo, ingia kwenye kumbukumbu zako uhesabu. Nimeona mteja akiapa kuwa alilipa miezi yote, halafu akakosa risiti za miezi 4. Kesi nzima ikahamia kwenye uaminifu wake.

Kodi ya miezi 9, yaani 7,200,000, ndiyo roho ya ugomvi. Mkataba wako huenda una kifungu kwamba ukivunja kabla ya muda unalipa muda wote uliobaki. Usome. Lakini hata kikiwapo, Sheria ya Mikataba inatoa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji, na inapopima hasara huangalia pia njia alizokuwa nazo aliyeumia za kuipunguza. Mwenye nyumba alipata mpangaji baada ya miezi 2. Kuanzia mwezi wa 3 fremu moja ilikuwa inazaa kodi mara mbili, moja kwa mwenye duka la dawa, ya pili kwenye karatasi yako. Ukiondoa miezi hiyo 7, kinachobaki hata ukishindwa hoja ya paa ni 1,600,000. Na amana yako ya miezi 2 ni kiasi gani? Ni hiyo hiyo 1,600,000, ambayo kwa maelezo yako haionekani popote kwenye hesabu yao. Akiwa amempangisha yule mtu kwa kodi ndogo kuliko yako, tofauti itahesabiwa. Akiwa kampangisha kwa kubwa, ndiyo kabisa.

Kuthibitisha tarehe ulizohama usitegemee maneno. Namba ya mita ya umeme ni ya fremu, siyo yako, na simu yako ina kumbukumbu za kila token ya LUKU uliyonunua. Zitakatika tarehe uliyotoka. Piga picha za skrini zote, ya mwisho hasa. Kuthibitisha lini duka la dawa liliingia, leseni hubandikwa ukutani, na kibandiko cha ufunguzi mara nyingi kiko mtandaoni kikiwa na tarehe.

Ukarabati wa 1,500,000 unajibiwa na swali moja: ulikaguliwa lini, na nani, wewe ukiwapo? Kama hakuna fomu ya hali ya fremu ya siku ya kuingia na ya siku ya kutoka, anadai kwa makadirio ya fundi aliyeitwa mpangaji mwingine akiingia. Rangi mpya na rafu za dawa siyo uharibifu wako. Na paa, lililoandikiwa barua 3, ni la nani? Hapa barua zako zinakusaidia, ila zile zenye ushahidi wa kupokelewa. Kama moja ilitumwa WhatsApp na alama mbili za bluu zipo, usibadilishe simu.

Jambo moja la pembeni ambalo wateja hulipenda kupita kiasi: mkataba wenu umelipiwa ushuru wa stempu? Ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwako 96,000, na mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Ni kweli, na unaweza kuipinga nakala yake. Lakini dawa yake ni rahisi, wanalipa wanarudi. Na wewe mwenyewe unautegemea mkataba huo huo kuonyesha nani anatengeneza paa. Mimi nisingeupigia hodi mlango huo.

Sasa simu kwa mwenye nyumba. Ukimpigia leo utaongea kama mtu aliyebanwa, na utasema "nipe mpaka mwisho wa mwezi nikulipe nusu." Sentensi hiyo ikiandikwa kwenye meseji, kesho imebandikwa kwenye kiapo kinzani, kile cha kujibu maombi yako, kwamba ulikiri deni. Subiri maombi yawe yamepokelewa na yana namba. Hapo mazungumzo yana sura nyingine, maana naye sasa anaona miaka ya kesi mbele, na swali la kodi mara mbili analijua. Mwandikie barua, juu yake uandike "bila kuathiri haki zangu", na pendekeza kiasi unachoweza kukitetea kwa hesabu.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe, yasainiwe, na yapelekwe Barazani yaingizwe kwenye jalada. Hapa ndipo watu huumia wakiwa wameshapona. Malipo yaliyofanywa nje ya Baraza na hayakuthibitishwa kwenye jalada, kwenye ukaziaji yanaweza kuhesabiwa kama hayakufanyika. Umempa 1,000,000 mkononi, amekuandikia kwenye kipande cha daftari, miezi 8 baadaye dalali anarudi na tuzo ile ile, kiasi kile kile. Tuzo inaishi miaka 12, dada yangu, daftari haliishi. Lipa kwa benki, andika namba ya shauri kwenye maelezo ya muamala, na kila awamu uijulishe Baraza kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Na kama yote yakigoma, maombi yakakataliwa? Bado kuna mahali pa kwenda, kwanza Mahakama Kuu, na kuomba kulipa kwa awamu, jambo linalopita kwa urahisi zaidi mwenye tuzo akiridhia.

Mwisho, hukusema mkataba ulisaini kwa jina gani. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, ni wewe mwenyewe kwa kofia nyingine. Kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Kama mkataba ulisainiwa na kampuni na tuzo imeandikwa jina lako binafsi, hiyo nayo ni hoja. Kwa hiyo angalia ukurasa wa kwanza wa mkataba kabla ya kuondoka nyumbani kesho, na uubebe kwenda nao masjala.